Najua majina ya mbinu zote, lakini shairi la Kilatini linanikimbia

Shikamoo Mwalimu,

Nimekuwa msomaji wa safu hii tangu nikiwa sekondari kwetu Malindi. Sasa nipo Uingereza, mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea lugha na fasihi za kale. Kilatini nimekianza hapa chuoni, na alifu yake. Wenzangu wengi darasani wamekisoma tangu wakiwa na miaka kumi na moja au kumi na miwili.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Tulisoma hadithi fupi zilizorahisishwa, kisha kurasa chache za Caesar, na alama zangu hazikuwa mbaya. Mwaka huu tumeingia kwenye ushairi: kitabu cha nne cha Aeneis, utenzi mrefu wa Vergilius, mashairi ya Catullus, na Horatius kidogo. Hapo ndipo nilipokwama.

Kwanza ni msamiati. Nina kadi za maneno kwenye simu, najipima asubuhi na usiku. Nimejua kwamba gladius ni upanga, nafungua Vergilius nakuta ensis. Nimejua mare ni bahari, nakuta aequor, pontus, pelagus, fretum, na siku moja nikakuta altum, ambalo kwenye kadi yangu limeandikwa "-refu". Natafuta neno kwenye kamusi, naliandika juu ya mshororo, ukurasa unaofuata nalitafuta tena lilelile.

Pili ni mpangilio wa maneno. Tulifundishwa kutafuta kitenzi kwanza, kisha mtenda, kisha vingine. Nafanya hivyo. Napiga mistari, nachora mishale, naiandika upya sentensi ikae sawa. Nikimaliza maana ninayo, lakini shairi silioni tena.

La tatu ndilo lililoniuma. Tulipewa kipande cha Vergilius tukichambue. Nilikuwa nimehifadhi majina ya mbinu zote, yale ya Kigiriki, nikazitaja moja moja na namba za mishororo yake. Mhadhiri aliandika pembeni mwa kila aya neno lilelile: "Kwa hiyo?" Mwisho akaandika kwamba nimehesabu mbinu lakini shairi sijalisoma.

Kinachonitatiza zaidi ni kwamba nyumbani ushairi wa Kiswahili ndio uliokuwa somo langu. Sikuwa nikihangaika hivi. Sasa najiuliza kama nilichokijua kule kina faida yoyote huku, au nikiache mlangoni. Naruhusiwa kuhamia historia kabla ya muhula kwisha. Mama ameniambia niamue mwenyewe. Nifanye nini, Mwalimu?

Mwanafunzi wa Malindi, Uingereza

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako kuhusu ushairi wa nyumbani, maana ndilo linaloyafungua mengine. Usiuache mlangoni. Ingia nao. Nitakuonyesha pale unapokufaa na pale unapoweza kukupotosha.

Umeniandikia matatizo matatu, nami naona moja. Maneno umeyaweka kwenye simu, sarufi umeiweka kwenye mishale, mbinu umeziweka kwenye orodha, na kila kimoja unakisoma kwa saa yake. Mshairi wa Kirumi hakuvigawa hivyo. Kwake neno, mwisho wa neno na mahali neno lilipokaa vilikuja pamoja, na mbinu ni jina ambalo walimu waliupa mkao huo. Ukivisoma kwa pamoja, kimoja kitakusaidia kukishika kingine.

Tuanze na mpangilio, kwa kuwa hapo una mtaji ambao wenzako hawana. Msemaji wa Kiingereza hujua nani katenda na nani katendwa kwa kuangalia neno lipi limetangulia. Sisi tuna upatanisho. Nikikuambia, "Vimeletwa jana na yule kijana wa dukani, vyote vizima," sijakutajia kitu, lakini sikio lako limeshakaa tayari kupokea viti, vikombe au vitabu, wala halitarajii mikeka. Ile vi- imetoa ahadi. Kilatini hufanya kazi hiyohiyo, ila ahadi yake iko mwishoni mwa neno. Tazama mshororo wa 4 wa Aeneis yote, mshairi anapotaja chanzo cha mateso ya Aeneas, shujaa wa utenzi huo aliyetoka Troya:

saevae memorem Iunonis ob iram

Saevae, "katili", inamsubiri mwanamke wake. Kabla hajafika inaingia memorem, "yenye kukumbuka", nayo inasubiri nomino yake. Anakuja Iunonis, yaani Juno, mke wa Jupiter mfalme wa miungu, na ahadi ya kwanza inatimia. Mwishoni kabisa inakuja iram, hasira, na ya pili inatimia. Kwa sababu ya hasira ikumbukayo ya Juno katili. Maneno mawili ya Juno na mawili ya hasira yake yamesukwa hata huwezi kumtoa yeye ukaiacha hasira. Ukikimbilia kutafuta kitenzi, msuko huo unaukata kabla hujauona.

Kwa hiyo, kwa majuma machache yajayo, weka kalamu chini. Soma kuanzia kushoto kwenda kulia, kwa sauti, na kila neno likifika jiulize linasubiri nini. Usirudi nyuma mpaka sentensi iishe. Mwanzoni utakwenda polepole kuliko unavyokwenda sasa, na utaingiwa na hofu kwamba umerudi mwaka wa kwanza. Vumilia. Mishale yako usiitupe, ina kazi yake baadaye, nami nitaitaja.

Sasa pale unapoweza kupotoshwa. Sekondari mlifundishwa uhuru wa mshairi, na ndani yake kuboronga sarufi: mshairi hupindua mpangilio wa kawaida ili apate kina au atosheleze mizani. Vergilius hana vina vya kutafuta, na Kilatini hata cha nathari kinaruhusu maneno kuhamahama. Ukiandika "amepindua kwa ajili ya kipimo", umeufunga mlango uliotaka kuufungua. Kipimo kilimbana, ni kweli, lakini alikuwa na njia nyingi za kukitosheleza, naye akachagua hiyo moja. Swali lako ni kwa nini hiyo.

Chukua mshororo wa 165 wa kitabu hicho cha nne mnachokisoma. Dhoruba imewatawanya wawindaji, na:

speluncam Dido dux et Troianus eandem

Speluncam ni pango. Eandem, "lilelile", ni sifa ya pango hilo, nayo imengoja hadi mwisho. Katikati wamekaa Dido, malkia wa Karthago, na kiongozi wa Watroya, yaani Aeneas, na pango limewazunguka pande zote mbili. Kitenzi deveniunt, "wanafika", kimesukumwa hadi mshororo unaofuata, kwa hiyo tunawakuta wameshakuwa ndani kabla hatujaambiwa kuwa wamefika. Kisha iangalie et, "na". Imechelewa. Anayesoma neno kwa neno anasikia kwanza Dido dux, Dido kiongozi. Na ndivyo alivyokuwa. Katika kitabu cha kwanza, mshororo wa 364, Venus, mungu wa mapenzi na mama yake Aeneas, anasimulia jinsi Dido alivyowatoa watu wake Tiro wakaenda kujenga mji mpya Afrika, naye anasema dux femina facti: kiongozi wa jambo hilo alikuwa mwanamke. Hapa pangoni neno dux linakaa ubavuni mwa Dido kwa pumzi moja, kisha Troianus linafika na kulichukua. Mwanafunzi akiniandikia hayo bila hata kutaja hiperbatoni, jina la Kigiriki la kutenganisha maneno yanayokwenda pamoja, mimi ningempa alama zote za swali hilo.

Horatius naye ana lake, katika shairi la 5 la kitabu cha kwanza cha Carmina: quis multa gracilis te puer in rosa. Te, "wewe", ni msichana Pyrrha, na yuko katikati. Gracilis na puer, kijana mwembamba, wamekaa huku na huku kwake. Multa na rosa, waridi tele, limewafunika wote wawili. Hifadhi mshororo huo kwa moyo leo. Utakaa nao maisha yako yote.

Nimesema hifadhi, na hapo tumefika kwenye msamiati.

Kadi za simu zina kazi yake, lakini si hii unayozipa. Zitumie kwa maneno ya kila siku tu. Chuo cha Dickinson, Marekani, kimeweka mtandaoni orodha ya maneno ya Kilatini yapatayo 1,000 yanayotumika sana kuliko mengine. Hayo yajue hata ukiamshwa usiku. Maneno ya kishairi usiyaweke kwenye kadi yakiwa peke yake. Yaandike daftarini, kila moja na mshororo wake mzima, na uhifadhi mshororo, si neno. Wewe umetoka mahali ambapo watoto huhifadhi kwa sauti wangali wadogo, na tenzi huimbwa na watu wasiokuwa na kitabu mkononi. Hilo ni zoezi la miaka, na wenzako wa hapo wengi hawajalipata.

Ukiyakusanya kwa jamii zake, utaona hata bahari zako tano hazikutajwa ovyo. Aequor ni usawa, bahari iliyotandaa. Fretum ni mkondo kati ya nchi na nchi. Pontus na pelagus yametoka kwa Wagiriki na yanakuja na harufu ya tenzi zao. Altum ni kilindi, na kadi yako haikukudanganya: altus ni -refu, kwenda juu au kwenda chini, kama sisi tunavyosema mnazi mrefu na kisima kirefu. Na vyombo vya majini usivisahau. Mshairi atasema puppis, ambayo ni tezi, au carina, ambayo ni mkuku, naye anamaanisha jahazi zima. Mtu wa Malindi akisikia tezi anajua iko nyuma, na kwamba anayeitazama tezi anakitazama chombo kikiondoka. Kila ukutanapo na puppis angalia kama mshairi ana habari ya kuondoka.

Na ensis? Gladius ni neno la askari na la nathari. Ensis ni la tenzi, na Vergilius analipenda. Usilihifadhi kama "upanga, namba mbili". Lihifadhi pale linapouma, katika mishororo ya 646 na 647 ya kitabu hichohicho, Dido, aliyeachwa na Aeneas, anapopanda juu ya kuni alizozipanga ili ajiue: ensemque recludit / Dardanium. Anauchomoa upanga, na mshororo unakwisha. Ule unaofuata unafunguka na sifa yake: wa Kidardania, wa Kitroya, wa Aeneas. Kwetu tungesema mshororo ule wa kwanza ni mshata, wazo halikuishia pale. Lakini kusema ni mshata ndiyo nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kwamba tumeuona upanga kwanza, kisha, baada ya pumzi, tukaambiwa ni wa nani.

Nitakaa kidogo zaidi hapa, maana kitabu hicho ndicho kitakachokuonyesha kwamba msamiati na mbinu havitengani. Kinaanza hivi:

At regina gravi iamdudum saucia cura
vulnus alit venis et caeco carpitur igni.

"Lakini malkia, aliyekwisha kujeruhiwa kitambo na hangaiko zito, analilisha jeraha kwa mishipa yake, na analiwa na moto usioonekana." Maneno mawili ya kuandika daftarini: vulnus, jeraha, na ignis, moto. Ukiyaweka kwenye orodha utaandika "sitiari, sitiari", na mhadhiri ataandika "Kwa hiyo?" Badala yake yafuate. Mshororo wa 66: est mollis flamma medullas. Jihadhari hapa, est hiyo si "ni". Ni ya kitenzi edo, kula. Mwali unakula uboho laini. Mwanafunzi aliyehifadhi est kwenye kadi tu atapita hapo bila kuona kwamba kuna kitu kinaliwa. Halafu mshororo wa 67:

interea et tacitum vivit sub pectore vulnus

Jeraha linaishi kimyakimya chini ya kifua. Papo hapo inakuja tashibihi ndefu, Dido akizunguka mjini kama paa jike aliyechomwa mshale. Mchungaji, pastor, amempiga kwa mbali na kumwachia chuma mwilini, na mshororo wa 72 unafunguka na neno moja, nescius: bila kujua. Sifa hiyo ni ya pastor, aliyetajwa mwanzoni mwa mshororo uliotangulia. Imecheleweshwa mpaka mshale umekwisha kuingia. Sasa mtazame Aeneas kwa neno hilo. Hajui alichokifanya. Vergilius hakusema hivyo waziwazi popote katika mishororo hiyo, ameliachia neno na mahali pake.

Uende sasa karibu na mwisho, mshororo wa 689. Upanga umeshatumika:

infixum stridit sub pectore vulnus

Sub pectore vulnus, palepale mwishoni mwa mshororo, maneno yaleyale, mishororo zaidi ya 600 baadaye. Lile lililokuwa tacitum, la kimya, sasa linatoa sauti. Lile lililokuwa sitiari limekuwa kidonda chenye damu, na ule moto usioonekana umekuwa kuni zitakazowaka hata Aeneas azione nuru zake akiwa baharini mwanzoni mwa kitabu cha tano. Kuna mwanafunzi atakayesahau vulnus baada ya hapo? Sidhani. Na amejifunza takriri, sitiari, tashibihi na mshata bila kuhifadhi orodha. Hata maneno At regina ya mwanzoni yafuate: yanarudi kufungua mshororo wa 296, Dido anapogundua hila ya Aeneas kuondoka, na wa 504, anapoandaa kuni. Kitabu kizima kimekaa juu ya milango hiyo mitatu.

Kuhusu kipimo nitasema machache, kwa kuwa naona hakikusumbui. Sisi huhesabu mizani. Warumi walipima uzito, silabi ndefu na fupi. Heksameta, kipimo cha Aeneis, ina hatua sita, na kila hatua kati ya nne za mwanzo huweza kuwa ndefu moja na fupi mbili, au ndefu mbili. Ndiyo maana mishororo miwili ya kipimo kimoja hailingani kwa idadi. Katika kitabu cha nane farasi wanakimbia, quadripedante putrem sonitu quatit ungula campum, silabi 17, kwato zinasikika. Kitabu hichohicho wahunzi wa Vulcanus, mungu wa moto, wanainua mikono mizito, illi inter sese multa vi bracchia tollunt, silabi 13 ukishaunganisha irabu zinazogongana. Yasome hayo mawili kwa sauti, moja baada ya jingine, mpaka mwili wako uyajue. Kipimo pia kinakusaidia sarufi: ile multa ya Horatius ina -a ndefu, kipimo kinakuonyesha hivyo, nawe ukajua kabla ya kufika mwisho kwamba inasubiri kitu kama rosa, si wingi wa vitu visivyo na jinsia.

Tahadhari moja juu ya sauti. Wanafunzi wengi huona s tatu wakaandika nyoka, wakaona m mbili wakaandika huzuni. Herufi hurudi katika lugha yoyote. Iandike sauti pale maana yenyewe inapoiita, kama Ovidius anapowageuza wakulima wakorofi kuwa vyura katika kitabu cha sita cha Metamorphoses: quamvis sint sub aqua, sub aqua maledicere temptant. Wako chini ya maji na bado wanajaribu kutukana. Hapo hata mtoto asiyejua Kilatini atasikia chura.

Tuje kwenye "Kwa hiyo?" ya mhadhiri wako. Najua iliuma, lakini alikuwa anakuuliza swali sahihi, na ungeweza kujiuliza wewe kabla yake. Hapa ndipo mishale yako inapopata kazi. Ukishausoma mshororo kama ulivyo, uandike upya kwa mpangilio wa kawaida, kisha uyaweke yote mawili pamoja na ujiulize: kimepotea nini? Hicho kilichopotea ndicho cha kuandika. Kama hakuna kilichopotea, mbinu hiyo iache, hata kama ina jina zuri la Kigiriki. Katika uchambuzi mmoja mambo matatu au manne yanatosha, ukiyafuata hadi mwisho wake. Anza na unachokiona, kisha kinavyomfanyia msomaji, kisha uhusiano wake na kinachosimuliwa. Jina la mbinu lije mwishoni, au lipite katikati ya sentensi, kwa sababu mtahini anataka kujua kwamba unalijua. Ukiwa unafikiri, fikiri kwa takriri na mishata na tashibihi kama ulivyozoea. Majina ya Kigiriki yatakuja unapoandika.

Umesema wenzako wamekianza Kilatini utotoni. Ni kweli wamekutangulia kwa sarufi na kwa maneno, na hilo litakugharimu jasho. Lakini hakuna aliyezaliwa akiijua lugha hii ya washairi. Servius, mwalimu wa sarufi aliyeishi karibu na mwaka 400 BK, aliandika maelezo ya Vergilius mshororo kwa mshororo, naye aliwaandikia watu ambao Kilatini kilikuwa lugha yao. Na mmoja wa wasomaji waliompenda sana Dido alikuwa mtoto wa Afrika, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, Algeria ya leo. Katika Maungamo yake anasimulia alivyolazimishwa kuhifadhi safari za Aeneas shuleni, na alivyomlilia Dido. Kilatini alikuwa amekipata utotoni kwa walezi waliocheka na kucheza naye. Kigiriki alifundishwa kwa vitisho, na anasema ugumu wa lugha ya kigeni ulimwagia nyongo utamu wa hadithi zile za Wagiriki. Mtu yuleyule, akili ileile.

Sasa habari ya kuhama. Historia ni somo zuri, na ukihamia kwa sababu unaipenda nenda kwa amani. Kilatini chako kitakufaa hukohuko. Lakini usihame kwa sababu ya neno lililoandikwa pembeni mwa karatasi. Kabla ya tarehe ya kubadilisha kozi nataka ufanye jambo moja. Chukua shairi la 85 la Catullus:

Odi et amo. quare id faciam, fortasse requiris.
nescio, sed fieri sentio et excrucior.

"Nachukia na napenda. Kwa nini nafanya hivyo, labda wauliza. Sijui, lakini nahisi linatokea, na ninateseka." Maneno 14, vitenzi 8, hakuna nomino hata moja, hakuna sifa hata moja. Lihifadhi. Lisome kwa sauti mpaka lisikukwaze. Kisha uandike ukurasa mmoja kulihusu bila kutaja jina la mbinu yoyote. Eleza faciam, "nafanya", inavyogeuka fieri, "kutokea", na maana yake kwa mtu anayesema. Eleza kwa nini hatuambiwi anampenda nani. Eleza excrucior, kitenzi kinachobeba msalaba ndani yake, kinavyofika mwisho kabisa.

Upeleke ukurasa huo kwa mhadhiri wako katika saa zake za kuonana na wanafunzi, umwombe ausome mbele yako, na umuulize swali lake mwenyewe. Ukitoka hapo niandikie alichosema, na uamuzi wako uwe wa kuhama au wa kubaki, nitausoma.